Binti yangu ameipandisha siri ya nyumba jukwaani

KIBARAZANI KWA SOMO

Somo, assalam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Malindi. Napika mahamri na mbaazi nauza asubuhi kando ya barabara, na mchana nikipata cherehani ya kuazima nashona. Msichana ana miaka 17, yuko kidato cha tatu katika shule ya upili ya umma, ya kutwa, hapa hapa mjini. Mvulana ana miaka 9, yuko gredi ya 4. Jambo langu ni la huyu msichana, lakini siwezi kulieleza bila kuanzia kwa baba yao, kwa hiyo unisamehe nikirefusha.

Mume wangu alikuwa akiendesha boti ya kupeleka wageni kwenye matumbawe. Kazi ile unaijua, ina msimu wake. Kusi likiingia bahari inachafuka, hoteli zinafunga, boti zinapandishwa mchangani, na nyumbani mnaanza kupima unga kwa kikombe. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikundi chao. Kusi moja mama yake akaugua, tukahangaika huku na huku, naye akachota pesa za kikundi akisema atazirudisha msimu ukifunguka. Msimu haujafunguka, hesabu zikaitishwa. Sitaki kumtetea. Alikiri mbele ya hakimu, akafungwa miaka 2. Sasa ana mwaka na mwezi mmoja ndani, na kwa vile theluthi ya kifungo husamehewa mtu akikaa vyema, tunamtarajia miezi mitatu ijayo.

Siku aliyofungwa, mdogo aliniuliza, "Baba yuko wapi?" Ulimi ukajibu wenyewe: "Amekwenda Oman kufanya kazi." Sikupanga, Somo. Jirani yangu ana kaka yake Muscat, labda ndiyo sababu neno lilikuwa karibu. Kesho yake mtoto akaueleza mtaa mzima, nami sikumkanusha. Watu wa upande wa mume wangu wanajua, wamenyamaza. Wengine wote nimewaambia Oman.

Ikawa kazi. Jioni hufungua dirisha la upande wa jirani, naweka simu sikioni, nasema kwa sauti: "Eh, huko joto? Hata hapa joto!" Na kwenye simu hamna mtu. Mara ya kwanza nilisema, "Sasa huko ni saa mbili kama hapa," msichana wangu akanipungia mkono kutoka jikoni, akaonyesha kidole kimoja. Wao wametutangulia saa moja. Nikajisahihisha hapo hapo.

Yeye peke yake ndiye ajuaye humu ndani, kwa sababu alikuwapo polisi walipokuja. Ndiye anayenisindikiza kila mwezi kwenda kumtazama baba yake, na mfuko wa sabuni na dawa ya meno hubeba yeye. Nilimwambia mara moja tu, "Hili ni la humu ndani." Akaitika, "Sawa, mama." Tangu hapo hatujalizungumza.

Sasa nije kwenye shule. Mwanangu yuko klabu ya drama. Muhula wa kwanza kwao ni wa drama, wanabaki shuleni mpaka magharibi wakifanya mazoezi. Mwaka huu mwalimu mlezi wa klabu alimpa simulizi, ile ya mtu mmoja peke yake jukwaani, na akamruhusu kuitunga mwenyewe. Nilifurahi. Nikimuuliza inahusu nini husema, "Utaiona." Akashinda zoni, akashinda kaunti ndogo. Ndipo shule ikatuita wazazi Jumamosi moja, tuwaone watoto na tuchangie nauli ya kwenda mashindano ya kaunti. Nilitoa shilingi 500, ambazo ni mahamri 50, nikakaa safu ya tatu. Kando yangu alikaa yule jirani mwenye kaka Muscat, maana mwanawe anasoma hapo pia.

Binti yangu akatoka amejifunga leso yangu. Akavuta kiti, akafungua dirisha ambalo halipo, akaweka mkono sikioni, akasema kwa sauti yangu, Somo, sauti yangu mimi, na ile kikohozi ninayoanza nayo: "Eh, huko joto? Hata hapa joto!"

Bwalo zima lilicheka. Wazazi walipigana mabega. Halafu akakivua kile kicheko, akawa msichana, akaanza kumwandikia baba yake barua. Anasema, "Baba, wenzangu wanasema Oman ni mbali, mpaka upande ndege. Mimi naenda kwa tuktuk, shilingi 50." Bwalo likanyamaza. Mwalimu aliyekaa mbele yangu akaanza kujipangusa macho. Jirani yangu akanishika mkono, akaniminya, akaninong'oneza, "Huyu mtoto ana kipaji." Sikungoja mwisho. Niliinuka nikapita katikati ya magoti ya watu. Makofi niliyasikia nikiwa langoni.

Nyumbani nilimwambia amenivua nguo mbele za watu. Akanijibu, "Ni hadithi tu, mama. Hakuna aliyetajwa jina." Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Hakujibu. Aliivua ile leso, akaikunja, akaiweka kitandani kwangu. Ni siku ya kumi sasa tunaongea habari za chumvi na maji tu.

Mashindano ya kaunti ni baada ya wiki tatu. Mwalimu amenipigia simu kunipongeza, anasema ubunifu wa mwanangu ni wa ajabu na yeye ndiye tumaini la shule. Hajui kwamba hapana kilichobuniwa. Nikimkataza bila kutoa sababu nitaonekana mama asiyejua thamani ya elimu. Nikitoa sababu, siri imetoka kwa mkono wangu mwenyewe. Nimefikiria kusingizia masomo, kwa kuwa mwaka kesho ana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na darasa lao ndilo la mwisho la ule mtaala wa zamani wa 8-4-4. Na nikinyamaza, hizi video za drama watu huziweka mtandaoni, na mwanangu mdogo ana binamu wenye simu. Siku moja atamwona dada yake anasema baba yuko mwendo wa tuktuk. Na baba mwenyewe akitoka akute mji mzima unamwigiza?

Nifanyeje, Somo?

Mama Mahamri, Malindi

*

Wa aleikum salaam, mamangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilihuzunika. Mara ya pili nilifika pale kwenye kidole kimoja kutoka jikoni, nikacheka peke yangu mpaka aliyekuwa jirani yangu kibarazani akaniuliza kulikoni, na natumaini hutanichukia. Mara ya tatu kile kidole kilinifanya nikae kimya, na nitakueleza kwa nini.

Nikuelezee kwanza ninavyokuelewa, nikikosea unirudi. Ulimkinga mtoto wa miaka 8 kwa neno moja, neno likaota mizizi, ukawa unalimwagilia kila jioni dirishani. Aliyekusaidia kulimwagilia ni binti yako. Sasa amelichukua lile neno, amelipandisha jukwaani bila kukuomba ruhusa, na watu wamempigia makofi. Unaumia kwa kuchekwa, unaogopa mdogo asije akajulia vinywani mwa watu, unamwonea haya mumeo ambaye hayupo kujitetea, na juu ya hayo yote umegombana na mtu pekee uliyekuwa naye ndani ya jambo hili. Naona hilo la mwisho ndilo linalokuuma kuliko yote, ingawa umeliandika kwa mstari mmoja.

Umesema amekuvua nguo. Neno hilo ni zito, na simlaumu mama aliyelitamka siku ile. Lakini hebu turudi bwaloni. Waliocheka walicheka nini? Walimwona mwanamke anayeongea na simu ili jirani asikie. Mamangu, hapana mwanamke wa mji huu ambaye hajawahi kufungua dirisha makusudi. Mimi nimewahi kusifia pilau ambayo haikupikwa. Walijicheka wao. Kisha walipojua sababu ya yule mwanamke kufungua dirisha, wakanyamaza, na mwalimu akalia. Sijui simulizi ile yote, nawe huijui yote. Lakini kwa hicho ulichoniandikia, sioni mahali ambapo yule mama wa jukwaani alifanywa mjinga. Naona mama aliyefanya kazi ngumu kila jioni na hakuna aliyemwona ila mtoto aliyekuwa jikoni.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe umekuwa ukiifikiria siri hii kama mali yako, na ni haki yako kufikiri hivyo, maana ndiwe uliyetoka jasho. Lakini kata ni nani? Ni huyu binti. Alikuwa na miaka 16 hivi polisi walipokuja. Amebeba sabuni miezi kumi na mitatu. Anasoma shule moja na mtoto wa jirani yako, na akiulizwa habari za baba lazima ajibu Muscat. Ulimwambia "hili ni la humu ndani", naye akalishika. Ila humu ndani nako halikusemwa. Nje amefungiwa, na ndani hamna aliyemfungulia. Mtu wa umri ule akipewa karatasi na mwalimu akaambiwa "tunga chochote", unadhani atatunga habari za sungura?

Sisemi alifanya vyema kukuficha. "Utaiona" lilikuwa jibu la mtu aliyejua kwamba akikuuliza utakataa. Na hilo la "hakuna aliyetajwa jina" usilikubali haraka, naye asijidanganye nalo. Malindi si Nairobi. Hapa leso inatosha kuwa jina, na kikohozi chako kinatosha kuwa kitambulisho. Alichukua sauti yako na kicho chako bila kubisha hodi, na una haki ya kumwambia hivyo, kwa maneno mengine, si yale ambayo hukuyaandika. Inawezekana pia kwamba ndani ya ile simulizi mna hasira. Hasira kwa baba aliyechota, hasira kwako uliyemfanya mwenzako wa uongo kabla hajawa mtu mzima. Huwezi kujua bila kumuuliza, na kumuuliza kwenyewe si kwa "kwa nini umenifanyia hivi".

Sasa nikuulize jambo ambalo huenda likakuudhi. Una hakika ni siri?

Mumeo alishtakiwa mahakamani, na mahakama haifungi mlango. Mlalamikaji ni kikundi kizima cha watu wa boti, na watu hao wana wake, na wake hao hununua mahamri. Na huyu jirani wa safu ya tatu ana kaka Muscat. Watu wa Pwani wakifika ugenini hutafutana, utamkuta mtu anajua nani kaja, nani kaondoka, nani analala kwa nani. Haingechukua mwezi kabla hajamuuliza kaka yake, "Umemwona baba fulani?" Labda hakuuliza. Labda aliuliza, akajibiwa, na kwa mwaka mzima amekuwa akisikiliza simu zako dirishani na kukuitikia kesho yake, "Mzee wa Oman hajambo?" kwa kukustahi. Mimi sijui. Ila alikuminya mkono, na mtu hamminyi mwenzake mkono kwa kipaji cha mtoto peke yake. Fikiri kidogo juu ya mkono ule kabla hujaamua kwamba mji mzima uko gizani.

Tuje kwenye wiki tatu zilizobaki.

Kumkataza unaweza. Wewe ni mzazi, naye hajafika miaka 18. Mwalimu atasikitika, atatafuta mtoto mwingine au kipengele hicho kitaachwa. Lakini ona kile anachoondoka nacho binti. Ataondoka akijua kwamba maisha yao ni aibu kiasi kwamba hata yakifichwa ndani ya hadithi hayafai kutajwa. Na kama utasingizia masomo, mwalimu ataamini, jirani ataamini, lakini yeye, aliyekuhesabia tofauti ya saa za Oman, hataamini, na atakuwa amepewa Oman ya pili ya kukutunzia. Masomo ni hoja ya kweli ikisemwa kwa ukweli wake. KCSE ya 2027 ndiyo ya mwisho ya 8-4-4, nyuma yao hamna kidato cha kurudia, kuna gredi ya 10 na mtaala mwingine. Ukitaka kumwekea saa ya kurudi nyumbani na siku za mazoezi kwa ajili hiyo, kaeni mlizungumze kama jambo la masomo, na usilivishe jambo jingine. (Wazazi wengi bado wananiuliza drama itamsaidia nini mtoto. Wanafunzi wa gredi ya 10 sasa wana mkondo mzima wa sanaa na michezo, umewekwa sambamba na ule wa sayansi. Binti yako amezaliwa mapema kidogo, basi.)

Kumwacha aendelee kama ilivyo, hilo nalo lina uzito wake. Akipita kaunti, kuna ukanda wa Pwani wenye kaunti sita, halafu taifa, na washindi wa kitaifa huwa na kawaida ya kuitwa kuonyesha mbele ya rais. Kila ngazi watu wanazidi na simu zinazidi. Hapo hofu yako ya video ni ya haki. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na unaweza kuandikia shule kwamba hutaki picha wala video ya mwanao iwekwe popote. Barua hiyo haihitaji sababu, mistari miwili yatosha. Lakini nisikudanganye, mtu wa safu ya nyuma akiinua simu yake haombi idhini ya mtu.

Kuna la katikati, la kuibadilisha. Ninavyojua mimi, waamuzi wa drama wakimaliza husema panapofaa kurekebishwa, na shule hurudi kuifinyanga upya kazi kabla ya ngazi inayofuata. Kwa hiyo simulizi ikibadilika kati ya kaunti ndogo na kaunti hamna atakayeuliza. Leso yaweza kuwa nyingine. Muscat yaweza kuwa Doha, baba akawa mjomba, kile kikohozi kikaachwa nyumbani. Hatari yake ni kwamba hayo madogo ndiyo yaliyowaliza watu, na ukichomoa kimoja kimoja waweza kubaki na mtoto anayekariri tu. Jingine ni kwamba hiyo kazi ni yake. Ukimpelekea orodha ya vya kufuta, atafuta, na atakutazama kwa jicho lile aliloikunjia leso. Mkikaa mkaipitia pamoja, yeye akakuuliza "na hiki, mama?", huenda ukashangaa ni vitu vipi mwenyewe utataka vibaki.

Mwalimu mlezi je, aambiwe? Ukimwambia, atakuelewa upesi, na atajua kwamba yule mtoto anahitaji kuangaliwa akishuka jukwaani, maana mtu akilia kwa kweli kila siku ya mazoezi huchoka kwa namna ambayo mwalimu hawezi kuiona. Shule za upili huwa na mwalimu wa ushauri nasaha pia, na kazi yake ni kutunza mambo kama haya. Lakini walimu nao hunywa chai pamoja. Ukiamua kusema, chagua mmoja, na kwanza muulize binti angependa awe nani. Ni darasa lake, ni yeye atakayetazamwa kesho yake.

Haya yote ya drama, hata hivyo, si yaliyoninyima usingizi. Ni huyo mdogo.

Jukwaa liwepo lisiwepo, miezi mitatu si mingi. Mtu wa Oman hurudi na sanduku. Hurudi na halua, na marashi, na angalau fulana ya mpira. Baba yake atashuka kwenye tuktuk na mfuko mdogo, amekonda, na mtoto wa miaka 9 atatazama nyuma yake atafute sanduku liko wapi. Wakati huo utasema nini? Waweza kusema mizigo iko njiani. Halafu baada ya mwezi?

Waweza kumngoja mumeo atoke amwambie mwenyewe, na wapo wanaume ambao hilo huwarudishia kitu. Hatari ni kwamba watoto wa mtaani hawangoji. Waweza kumwambia sasa, kwa maneno ya umri wake: baba alichukua pesa zisizo zake, anaadhibiwa, adhabu inaisha, anakupenda, na mama alisema Oman kwa sababu aliogopa ungeumia. Atalia, au atauliza kama ataenda kumwona lini, au atakasirika kwa sababu ya vile alivyojigamba kwa wenzake. Na huenda kesho akautangazia mtaa kama alivyoutangazia Oman, kwa hiyo usimwambie siku ambayo hujajiandaa kuulizwa na wateja. Sikuchagulii. Ila ukimwacha binti apande jukwaa la kaunti, ningependa mdogo awe amesikia kutoka kinywani mwako kabla ya simu ya binamu.

Na mumeo. Katika barua ndefu kama ile umeniambia atakavyoumia, hukuniambia umemuuliza. Mwezi huu mtakwenda kumtazama, wewe na binti. Huenda akaumia kweli. Huenda pia akataka kujua kama mwanawe alishinda. Ni mtu mzima, amekiri mbele ya hakimu na kikundi kizima, sidhani simulizi ya mtoto wake ndiyo itakayomvunja. Lakini yeye ni wako, unamjua kuliko mimi. Kama unaona hawezi kulibeba akiwa mle ndani, hiyo nayo ni sababu ya kutaka mambo yasubiri, na ni sababu ambayo binti anaweza kuielewa akiambiwa. Kile asichoweza kukielewa ni kuambiwa masomo.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako umekipita mbio, nami nimekirudia. Ulitoka kabla haijaisha. Kwa hiyo mwalimu anajua mwisho wake, jirani yako anajua, wazazi wote wa lile bwalo wanajua, wewe ndiye usiyejua yule msichana alifanya nini na ile barua. Aliipeleka? Askari langoni alimuuliza nini? Yule mama wa dirishani alirudi tena, au aliachwa pale akizungumza na Oman? Unataka kuamua juu ya simulizi ambayo umeisikia nusu, tena nusu ya kuchekesha.

Tafuta usiku mmoja mdogo akalale kwa nyanya yake. Usitangulize maneno mengi. Ile leso kama bado iko pale alipoiweka, mpe mkononi, uvute kiti chako cha jikoni, na umwombe aianze tena kutoka pale kwenye dirisha.

Somo